Waliomfuata Daudi, Waliomfuata Msiri

Daudi alipomkimbia mfalme Sauli na kujificha katika pango la Adulamu, hakufuatwa na watu wakubwa. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinawataja waliomwendea: wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni, wapata 400. Baadaye walifika 600. Kwa jeshi hilo la watu waliokosa pa kushika, kijana mchunga kondoo alianza safari ya kuwa mfalme wa Israeli.

Watu wa Lualaba wana simulizi yao inayokaribiana na hiyo. Bunkeya, mji ulio leo katika eneo la Lubudi, ulikuwa makao makuu ya Msiri, mfalme wa Garanganze. Hakuzaliwa huku. Jina lake la kwanza ni Ngelengwa, Mnyamwezi kutoka pande za Tabora, mwana wa Kalasa, mfanyabiashara aliyekuwa akija Katanga kutafuta shaba. Katikati ya karne ya 19 mwana alifuata njia ya baba, akiwa na wenzake wachache na bunduki. Bayeke, watu wa Msiri, husimulia kwamba mgeni huyo alimsaidia chifu wa Basanga, wenyeji wa nchi hiyo ya shaba, kuwapiga Baluba waliokuwa wakivamia. Kutoka hapo hakurudi tena kwao.

Daudi pia aliishi kwa hisani ya mtu mwingine. Akishi, mfalme wa Gathi, alimpa mji wa Siklagi, naye akakaa katika nchi ya Wafilisti mwaka mmoja na miezi minne. Huko ndiko lilikotokea jambo linaloeleza kuinuka kwake kuliko hata ushindi wake juu ya Goliathi.

Waamaleki walichoma Siklagi na kuteka wanawake na watoto. Watu wa Daudi, kwa uchungu, wakataka kumpiga mawe. Akawafuatia maadui, lakini wapiganaji 200 walichoka, wakabaki kwenye kijito cha Besori kulinda mizigo. Ushindi ulipopatikana, baadhi ya waliopigana walisema waliobaki wasipewe nyara. Daudi akakataa: aliyeshuka vitani na aliyelinda mizigo wagawane sawasawa. Tena akapeleka sehemu kwa wazee wa Yuda, pamoja na wale wa Hebroni. Muda si mrefu, watu wa Yuda walimtia mafuta huko huko Hebroni, akatawala miaka saba na nusu kabla ya kuhamia Yerusalemu. Aliowagawia walikuwa wenyeji wa nchi, na hapo ndipo Msiri alipoteleza.

Si kwamba hakujua kuunganisha watu. Alioa mamia ya wanawake, wengi wao kutoka kwa machifu walio chini yake, na baadhi yao walikuwa macho yake vijijini. Maria de Fonseca, mke aliyetoka upande wa Angola, alimsogeza karibu na wafanyabiashara wa Benguela, waliochukua pembe na watumwa na kuleta bunduki na baruti. Lakini faida ilibaki Bunkeya. Wenye ardhi na shaba walitoa kodi, na aliyepinga aliadhibiwa vikali. Mwaka 1891 Basanga waliasi, na njaa ikaingia mji mkuu.

Ni katika hali hiyo ambapo Kapteni Stairs, aliyetumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alifika Bunkeya mwezi Desemba na msafara uliotoka Zanzibar. Msiri alikataa bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba 1891 ofisa Omer Bodson alimpiga risasi. Palepale Masuka, mmoja wa watu wa mfalme, akampiga Bodson, naye akafa. Uaminifu wa wale wa karibu haukupungua hata dakika ya mwisho. Basanga, ambao shaba yao ndiyo iliyomleta Ngelengwa Katanga, hawakumpigania.

Mwanawe Mukanda-Bantu alirithi kiti chini ya Wabelgiji, na ukoo huo bado una Mwami Bunkeya. Naye mmisionari Dan Crawford, aliyekuwa ameishi katika mji wa Msiri, alihamia Luanza kando ya ziwa Mweru na kutafsiri Biblia kwa Kiluba-Sanga. Hivyo Basanga wakapata kumsoma Daudi, Siklagi na kijito cha Besori kwa lugha ya nyumbani.