Spea ya Shervick hutambulikaje?

Kabla ya gati za kina kirefu kukamilika mwaka 1956, meli kubwa zilizoingia Bandari ya Dar es Salaam zilitia nanga majini na shehena ikashushwa kwenye matishali. Ndivyo yalivyofika matrekta mengi ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, huku Uingereza ikipania kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika Mashariki na ya Kati, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, makuli wa bandari hiyo waligoma kudai ujira bora. Uzito wa chuma kile waliujua wao kuliko mwekezaji yeyote.

Miongoni mwa mashine za mradi huo lilikuwamo Shervick. Jina limeunganishwa kutoka Sherman, kifaru cha Marekani cha Vita Kuu ya Pili, na Vickers-Armstrongs, kampuni ya Uingereza iliyoking'oa mnara wa mzinga na kukigeuza trekta la kung'oa visiki. Januari 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Mashine kama hii ikipata mtu wa kuifufua leo, swali la kwanza litakuwa spea: ipi ni ya asili?

Ukiuliza kaunta za vipuri Kariakoo, "orijino" maana yake imetoka kwa mtengenezaji, ikiwa ndani ya boksi lake. Kwa Shervick maana hiyo haitoshi. Mashine hii ilizaliwa mara mbili, kwanza Marekani, kisha Uingereza. Anayeitafutia mnara na mzinga ili "irudi kama zamani" anaiharibu, kwa kuwa kilichofika Tanganyika kilikuwa trekta. Mabati ya Vickers yaliyokatwa na kuchomelewa upya ndiyo asili yake, hata yakionekana kama viraka.

Anza na namba. Vipuri vingi vya Sherman vina namba iliyotokezwa kwenye chuma wakati wa kukiyeyusha, au iliyogongwa kwa patasi za herufi. Mara nyingi hutanguliwa na herufi kati ya A na E, iliyoonyesha ukubwa wa karatasi ya mchoro wa kipuri. Karibu yake huwapo alama ya kiwanda kilichoyeyusha chuma. Alama hizi ndizo cheti cha kuzaliwa, na adui yake mkubwa ni grenda. Fundi mwenye haraka hung'arisha kipande kwa dakika tano na kufuta historia yote. Mimi nashauri molasi: sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, kwenye pipa, kwa wiki kadhaa. Kutu huachia polepole, chuma chenyewe hakiumii sana, namba hubaki. Usitumbukize humo kipande cha aluminiamu, kitaliwa.

Kisha bolti. Hapa ndipo wengi huteleza, maana spana hudanganya. Spana ya 19 hukaa vizuri tu kwenye kichwa cha bolti ya Kimarekani ya nusu inchi, kwa sababu kichwa hicho kina robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Fundi huona imeshika, akaagiza bolti ya milimita 12, nayo ikaingia ikicheza. Pima meno yake. Bolti ya Kimarekani ya nusu inchi yenye meno makubwa ina meno 13 kwa inchi, yaliyokatwa kwa pembe ya nyuzi 60. Ya Kiingereza ya Whitworth yenye unene uleule ina meno 12, kwa nyuzi 55. Ukilazimisha nati ya moja kwenye nyingine, itapanda mizunguko michache halafu itachana meno. Ukikuta Whitworth kwenye Shervick usidhani umeuziwa feki: huenda umekuta mahali mkono wa Vickers ulipogusa.

Minyororo ni rahisi zaidi. Ya katapila huwa na viungo vya mnyororo ambavyo vibao vya kukanyagia hufungwa juu yake kwa bolti. Ya Sherman, kila kipande kina pini mbili, na vipande hushikanishwa pembeni kwa viunganishi vinavyokazwa kwa kabari. Hatua ya kipande kimoja ni inchi 6. Utepe wa futi unamaliza ubishi. Mpira wa magurudumu ni habari nyingine: ukipatikana wa asili huwa umekakamaa na kupasuka, na kwa mashine itakayotembea sioni ubaya wa kuvisha mpira mpya.

Kwa kinachokosekana, mafundi chuma wa Gerezani wanaweza kuchonga pini, bushi na kabari wakipewa sampuli. Wapelekee sampuli ambayo haijaliwa sana, kwani iliyolika humzalia fundi kipande kilicholika tangu siku ya kwanza. Na kabla ya kukifunga, gonga mwaka wa kuchongwa upande usioonekana, ili atakayekifungua baada yetu asikichanganye na chuma kilichoshushwa kwenye tishali.