Gari la Umeme au Gari la Kifahari la Petroli: Pima Kabla ya Kulipa

Familia iliyojiwekea akiba kwa miaka mingi, au iliyopata mkopo katika chama chake cha ushirika, hufika siku moja mbele ya magari mawili. La kwanza ni gari la umeme lililotumika Japani na kushushwa katika bandari ya Mombasa. La pili ni gari la kifahari la petroli, lenye injini kubwa, viti vya ngozi na nembo inayotambulika barabarani, ambalo limekwisha kutumika hapa nchini Kenya kwa miaka kadhaa. Bei zao zinakaribiana, na kila muuzaji anayo maneno matamu.

Makala haya hayakusudii kumsifu muuzaji mmoja wala kumkashifu mwingine. Tunataka kumwonyesha mnunuzi mambo yanayoweza kupimwa kabla fedha hazijatoka mkononi, kwa kuwa kosa linalogunduliwa baada ya kulipa ni gumu kurekebishwa.

Bei ya kununua si gharama ya gari

Kiasi kinachotajwa na muuzaji ni malipo ya kwanza tu. Gharama halisi ya gari ni jumla ya bei hiyo, nishati, matengenezo, bima na riba ya mkopo, ukitoa kiasi utakachopata siku utakapoliuza. Magari mawili yenye bei moja dukani yanaweza kutofautiana kwa mamia ya maelfu ya shilingi baada ya miaka mitatu.

Tuchukue mfano wa mtu anayeendesha kilomita 40 kila siku mjini Nairobi, yaani kilomita 1,200 kwa mwezi. Gari dogo la umeme huhitaji takriban uniti 18 za umeme kwa kila kilomita 100, tukihesabu na kiasi kinachopotea wakati wa kuchaji. Uniti moja ikigharimu shilingi 30, kilomita 100 zitagharimu shilingi 540, na mwezi mzima shilingi 6,480.

Gari la kifahari lenye injini kubwa, likiwa katika msongamano wa mjini, linaweza kutumia lita 13 kwa kilomita 100. Lita moja ikiwa shilingi 180, kilomita 100 zitagharimu shilingi 2,340, na mwezi mzima shilingi 28,080. Tofauti ni shilingi 21,600 kila mwezi, sawa na shilingi 259,200 kwa mwaka na shilingi 777,600 kwa miaka mitatu.

Tunamsihi msomaji asizichukue takwimu hizi kama ahadi. Tumezichagua ili kuonyesha njia ya kuhesabu. Weka mahali pake kilomita zako mwenyewe, bei ya petroli iliyotangazwa mwezi huu na EPRA, na bei unayolipa kwa kila uniti unaponunua tokeni. Anayeendesha kilomita 300 tu kwa mwezi atakuta tofauti imepungua hadi robo, na huenda uamuzi wake ukabadilika.

Betri ndiyo roho ya gari la umeme

Gari la umeme halina oili ya injini, plagi za injini wala bomba la moshi. Breki zake huchakaa polepole, kwa sababu mota husaidia kupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Matairi, vifaa vya kuzuia mtikiso, kiyoyozi na maji ya breki huendelea kuhitaji uangalizi kama katika gari lolote. Hata hivyo, sehemu kubwa ya thamani ya gari hili imo katika betri, na betri huzeeka.

Mnunuzi asichanganye mambo mawili: betri kuwa imejaa na betri kuwa nzima. Fikiria mtungi wa maji ambao kila mwaka hupungua ukubwa kidogo. Hata baada ya miaka minane utaweza kuujaza pomoni, lakini maji yatakuwa machache kuliko zamani. Dashibodi inayoonyesha asilimia 100 inasema mtungi umejaa. Haisemi mtungi umebaki na ukubwa gani.

Nissan Leaf, gari la umeme lililoanza kuuzwa mwaka 2010, ni mfano mzuri. Kando ya kipimo cha chaji, dashibodi yake ina vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kijistari cha kwanza hupotea betri ikiwa imekwisha kupungua kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo muuzaji anayesema kwamba "kimepotea kimoja tu" anazungumzia upungufu usio mdogo. Isitoshe, betri ya gari hilo haipozwi kwa maji kama ilivyo katika magari mengi mapya, na joto ni adui wa betri. Anayekusudia kulitumia Mombasa au Garissa analo jambo la kufikiria zaidi kuliko anayeishi Limuru.

Tazama pia umbali unaotangazwa. Leaf yenye betri ya uniti 40 ilitangazwa nchini Japani kuwa inaweza kwenda kilomita 400 kwa chaji moja, kwa kipimo kilichotumika huko wakati huo. Kipimo cha Marekani kililipa gari hilo hilo kilomita 243, na idadi hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na mwendo wa kawaida. Betri yake ikiwa imebaki na asilimia 80 ya uwezo, tarajia kilomita 190 au zaidi kidogo. Tena, magari ya miaka ya mwanzo yalikuwa na betri ya uniti 24 tu. Usikubali jina la gari pekee: uliza ukubwa wa betri, kisha uthibitishe.

Uthibitisho si mgumu kupatikana. Fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari anaweza kukuonyesha afya ya betri kwa asilimia, na pia kama zipo seli zilizo dhaifu kuliko nyingine. Omba majibu hayo kwa maandishi. Muuzaji akikataa gari lisipimwe, jua kwamba unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Raha ya gari la kifahari na madeni yake

Hatusemi kwamba gari la kifahari ni upuuzi. Utulivu wake katika mwendo wa kasi, uimara wa mwili wake na mifumo yake ya usalama ni faida za kweli. Ila mnunuzi akumbuke kwamba bei ya gari hushuka kwa umri, ilhali bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nayo. Gari lililouzwa jipya kwa shilingi milioni 10, sasa likiuzwa kwa milioni 2, bado hudai vipuri vya gari la milioni 10.

Sehemu za kuchunguzwa kwanza ni giaboksi ya kujiendesha, mfumo wa hewa unaobeba gari pale ulipo, mfumo wa kupoza injini, na taa za onyo kwenye dashibodi. Washa gari likiwa limepoa, si baada ya muuzaji kulitia moto kabla hujafika. Hakikisha taa za onyo zinawaka unapofungua swichi, kisha zinazimika injini inapowaka. Taa isiyowaka kabisa huenda imenyamazishwa ili kuficha hitilafu. Linganisha kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi na rekodi za matengenezo, na utazame uchakavu wa usukani, kiti cha dereva na kanyagio za miguu. Vitu hivi huonyesha matumizi ya kweli hata kama idadi ya kilomita imerudishwa nyuma.

Kabla ya kulipa, uliza katika maduka mawili au matatu bei ya pedi za breki, matairi na huduma moja kamili ya gari hilo. Ziandike kando ya hesabu ya mafuta. Mara nyingi orodha hiyo fupi hueleza zaidi kuliko safari ya majaribio.

Utachajia wapi?

Kwa anayefikiria gari la umeme, swali hili hutangulia yote. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa takriban uniti 2.4 kwa saa. Safari ya kilomita 40 hurudishwa kwa saa tatu hivi, yaani hata kabla ya usiku wa manane. Betri ya uniti 40 iliyokwisha kabisa itahitaji karibu saa 17. Mwenye nyumba na maegesho yake ana njia rahisi. Anayeishi katika ghorofa ya kupanga apate kwanza idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, na wakubaliane jinsi umeme utakavyohesabiwa. Ahadi ya mdomo ya mlinzi au msimamizi haitoshi.

Usichaji gari kwa waya mrefu wa kuunganisha uliopitishwa dirishani. Mkondo wa umeme unaopita kwa saa nyingi huupasha waya dhaifu joto hadi ukaanza kuungua. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, akague waya za nyumba na waya wa ardhi, na aweke soketi maalumu yenye swichi yake ya kinga. Gharama hiyo ni sehemu ya bei ya gari.

Mwaka 2023 EPRA iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari, ambayo hupungua katika saa ambazo matumizi ya umeme nchini ni madogo. Uliza Kenya Power masharti ya kuipata, kwa kuwa mita ya kawaida ya nyumbani haihesabu kwa bei hiyo.

Kwa vituo vya kuchajia haraka, tazama umbo la soketi. Magari mengi kutoka Japani hutumia mfumo wa CHAdeMO, yale ya Ulaya CCS2, na yaliyotengenezewa soko la Uchina GB/T. Kituo kilicho karibu na kazini hakikufai ikiwa plagi yake haiingii katika gari lako. Nenda ukajaribu kabla ya kununua.

Safari za mbali

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480, na hadi Nakuru kilomita 160. Milima nayo huhesabiwa. Kulipandisha gari lenye uzito wa tani moja na nusu kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi hula zaidi ya uniti 6 kwa ajili ya mlima pekee, mbali na umeme wa mwendo wenyewe. Safari ya kushuka pwani kwa hiyo si kipimo cha safari ya kurudi.

Hesabu ni mara ngapi kwa mwaka familia husafiri mbali. Zikiwa safari mbili au tatu, huenda ikawa nafuu kukodi gari la petroli kwa siku hizo au kupanda treni. Zikiwa kila wiki, gari la umeme lenye betri ndogo litakuchosha.

Kodi na karatasi

Tangu mwaka 2019, gari linaloendeshwa kwa umeme pekee hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 linapoingizwa nchini, kiwango kilicho chini ya kile cha magari yenye injini kubwa za petroli. Ushuru wa forodha na ada nyingine hubaki, na viwango huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Thibitisha na KRA kabla ya kuagiza. Kumbuka pia kwamba gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa likiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza.

Kwa gari lililomo nchini, hakiki umiliki wake kwa NTSA, na uhakikishe halina deni la benki. Uliza kampuni ya bima, kwa maandishi, kama betri inalindwa dhidi ya mafuriko na moto. Dhamana ya mtengenezaji iliyotolewa Japani usiichukulie kuwa inakufuata hadi Kenya mpaka uoneshwe waraka unaosema hivyo.

Maswali ya kujibu kabla ya kulipa

1. Ninaendesha kilomita ngapi kwa siku, na ni mara ngapi kwa mwaka ninasafiri mbali?
2. Nina mahali pangu pa kuchajia usiku, kwa idhini na kwa usalama?
3. Afya ya betri, au hali ya injini na giaboksi, imepimwa na fundi niliyemchagua mimi?
4. Ni nani hapa nchini anayeweza kulitengeneza gari hili, na vipuri vyake ni shilingi ngapi?
5. Ahadi zote za muuzaji zimeandikwa na kutiwa sahihi?

Ikiwa jibu la swali la pili ni ndiyo, safari zako nyingi ni za mjini, na betri imepimwa ikaonekana nzima, gari la umeme litaelekea kukupunguzia gharama. Ikiwa huna pa kuchajia, au kazi yako ni ya safari ndefu, petroli bado inakufaa. Lakini hapo uliza swali moja zaidi: je, ni lazima liwe la kifahari? Gari la petroli lenye injini ndogo na vipuri vinavyopatikana kila mji huenda ndilo jibu ambalo wauzaji wote wawili hawakulitaja.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Kuuliza, kupima na kudai maandishi si kumvunjia muuzaji heshima. Ni kuitumia haki hiyo wakati inapofaa zaidi, yaani kabla ya kulipa.