Vidonge vya Kutibu Melanoma: Faida na Madhara Yake

Melanoma ni saratani inayoanzia katika chembe zinazoipa ngozi rangi yake. Kwa watu weusi huonekana zaidi katika wayo wa mguu, katika kiganja, au chini ya ukucha. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika, aliyefariki mwaka 1981, alipatwa nayo katika kidole cha mguu. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, upasuaji huweza kuuondoa. Lakini ukishaenea hadi mapafu, ini au ubongo, kisu peke yake hakitoshi, na hapo ndipo swali la dawa linapozuka.

Faida

Kwa miaka mingi dawa iliyotumika ni dakabazini, ambayo hutiwa katika mshipa. Temozolomidi humezwa kwa siku 5, kisha mgonjwa hupumzika siku 23 kabla ya kuanza tena. Ndani ya mwili dawa zote mbili hutoa kemikali ileile, ambayo huharibu vinasaba vya chembe za saratani. Hata hivyo, temozolomidi hupenya hadi ubongoni. Aidha, mkulima wa Bashay, katika nyanda za juu za Manyara, anaweza kuimeza nyumbani kwake badala ya kufuata sindano Moshi au Dar es Salaam.

Je, hurefusha maisha? Katika majaribio ya wagonjwa 305, yaliyotangazwa mwaka 2000, nusu ya waliopewa temozolomidi waliishi zaidi ya miezi 7.7; kwa dakabazini ilikuwa miezi 6.4. Kitakwimu, tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba dawa moja inaishinda nyingine. Uvimbe ulipungua kwa wagonjwa wapatao 13 tu katika kila 100.

Madhara

Kichefuchefu, kutapika, uchovu na kufunga choo ni vya kawaida, na vingi hutulizwa kwa dawa. Hatari kubwa zaidi imo katika damu. Chembe nyeupe, zinazopigana na vijidudu, na zile za kugandisha damu hupungua kabisa karibu na wiki ya nne. Wakati huo mgonjwa hameza dawa tena, naye yuko nyumbani, mbali na daktari. Kwa hiyo faida na hatari za vidonge hivi zina chanzo kimoja: tiba imehamia nyumbani.

Namna ya kupima

Tangu mwaka 2011 zimepatikana dawa nyingine, zikiwamo zinazoamsha kinga ya mwili, ambazo zimewapa wagonjwa wengi maisha marefu zaidi; lakini bei yake ni kubwa mno. Familia inayofikiria kuuza ng'ombe ili kununua vidonge yafaa imwulize daktari mambo matatu: tunatarajia kupata nini, damu itapimwa wapi siku ya 22 na kabla ya kila duru, na baada ya duru ngapi tutaacha iwapo uvimbe haupungui?

Homa katika wiki hizo isidhaniwe kuwa malaria tu. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na aeleze dawa anayotumia. Nasi tulio wazima tukague nyayo zetu: doa jeusi linalokua, au kidonda kisichopona, kionyeshwe kwa mganga mapema.