SIKIO NA JICHO KATIKA MTIHANI WA KIINGEREZA

Leo twende Uchina, tuone jinsi wanafunzi wa vyuo vikuu wanavyopimwa Kiingereza. Huenda ukauliza, Uchina yatuhusu nini? Ngoja kwanza, utaona kwamba shida yao ni jirani na yako.

Uko mtihani mmoja ufanywao nchi nzima, hata na wale wasomao uhandisi au kilimo. Ulianzishwa mwaka 1987, nao huitwa Daraja la Nne. Daraja la Sita, ulio mgumu zaidi, ukafuata mwaka 1989. Alama zote ni 710, na mwenye kupata 425 watu humhesabu kuwa amefaulu. Kwa miaka mingi vyuo vingi vilimnyima shahada mwanafunzi aliyeshindwa Daraja la Nne, na wako waajiri ambao hata sasa huulizia alama hizo. Si jambo la mchezo.

Katika kila alama mia, kusikiliza ni 35 na kusoma ni 35. Zilizobaki ni za insha na tafsiri. Kusoma hupewa dakika 40. Kusikiliza ni kama dakika 25, na kila habari husikika mara moja tu. Katika vyuo vingi sauti imekuwa ikirushwa kwa redio ya chuo, na kila mwanafunzi huja na redio yake ndogo ya kuvaa masikioni. Betri ikiisha nguvu, pole yake!

Sasa yuko kijana asomaye vizuri kabisa, lakini akisikiliza hupotea. Kwa nini? Chukua maneno haya ya Kiingereza: “not at all”. Katika ukurasa yamesimama mbalimbali, na kijana anayajua tangu kitabu cha kwanza. Mwingereza akiyatamka huyaunganisha, “notatool”, na kijana husikia neno moja geni lisilokuwamo katika kamusi yoyote. Katika Kichina cha Mandarin silabi huishia kwa irabu, au kwa sauti ya n au ng’; haiishii kwa t, wala k, wala s. Basi sikio lake halikuzoea kukamata konsonanti ya mwisho wa neno, sembuse konsonanti hiyo ikihamia neno la pili. Sisi nasi twaijua shida hiyo. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, ndiyo maana “book” ikawa buku na “school” ikawa skuli.

Hapo ndipo kazi ya mtunga mtihani inapokuwa ngumu. Anataka kupima sikio peke yake, lakini mwanafunzi atajibuje? Katika Daraja la Nne swali husikika kwa sauti, walakini majibu manne yamechapishwa katika karatasi. Mwanafunzi hodari huyasoma mapema, akabashiri habari itakuwa ya nini. Asomaye polepole bado yuko jibu la pili, na sauti imekwisha kupita. Kosa lake litaandikwa chini ya kusikiliza, kumbe jicho ndilo lililomwangusha! Tena iko hila nyingine: katika jibu lisilo sahihi huwekwa neno lile lile lililosikika. Aliyekamata neno hilo tu hulirukia. Wengine huita huo ukatili. Mimi naona ni haki, maana kusikia neno si kusikia habari.

Mwalimu basi atajuaje ugonjwa uko wapi? Mwanafunzi akikosa, mpe habari ile ile imeandikwa, pamoja na maswali yale yale. Akijibu sawa, maneno anayajua. Sikio ndilo litakalo mazoezi. Akikosa tena, hana maneno ya kutosha, au hajui jinsi sentensi ya Kiingereza inavyofungamana, na kumwambia “sikiliza zaidi” ni kumpotezea mwaka.

Jaribu mwenyewe juma hili. Mwombe mwenzako akusomee aya moja ya gazeti la Kiingereza ambayo hujaiona. Andika ulichosikia, kisha linganisha na gazeti. Kila neno ulijualo kwa jicho, lakini sikio likalikosa, lipigie mstari. Uwe na karatasi hiyo mkononi tutakapoanza somo lijalo.