Nani Anabaki na Mtoto Wako?

Ndugu mfanyakazi, kabla ya kupanda kamyo au kushika machini unakagua kwanza. Unatazama breki, taa, mafuta, kofia na viatu. Hakuna anayekuita mwoga kwa sababu umekagua. Leo ukurasa wetu unakuuliza swali moja: yule unayemwachia mtoto wako asubuhi, wewe na mama wa nyumba mlimkagua?

Swali hili ni la usalama wa kazi pia. Mtu anayefanya kazi huku moyo wake uko nyumbani anatazama bila kuona. Anasikia honi imechelewa. Mtoto akiwa katika mikono mizuri, baba na mama wanafanya kazi kwa akili iliyotulia.

ZAMANI NA SASA

Zamani, huku kwetu Kasongo na Kabambare, mtoto alibaki na bibi, na shangazi au na yaya wake. Hakuna aliyeuliza habari zao, kwa sababu kijiji kizima kiliwajua tangu kuzaliwa. Leo mambo yamebadilika. Salamabila, karibu na dhahabu ya Namoya, watu wametoka pande nyingi. Bibi amebaki kijijini. Mama naye anaenda shambani, sokoni au ofisini. Basi inabidi kutafuta mlezi kati ya watu tusiowajua.

Hata njia ya kutafuta imebadilika. Mtu anaandika katika kundi la WhatsApp: "Natafuta dada wa kukaa na mtoto." Kabla sombe haijaiva, majina matatu yamefika, na picha juu yake. Katika nchi nyingine kuna kampuni kubwa za kazi hiyo kwenye intaneti. Moja ni Care.com, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2006. Mzazi anasoma majina, anatazama picha na bei, anachagua. Lakini mwaka 2019 gazeti la The Wall Street Journal lilionyesha kwamba baadhi ya walezi waliotangazwa humo walikuwa na mambo mazito polisi, na kampuni haikuwa imewachunguza vya kutosha. Baadaye kampuni hiyo ilitangaza kwamba itaongeza uchunguzi.

Ikiwa yametokea huko, kwenye kompyuta na mafaili, sembuse ujumbe wa simu wa kwetu? Simu inakuletea jina. Tabia ya mtu utaijua kwa kutembea na kuuliza wewe mwenyewe.

HATUA TANO ZA KUMCHUNGUZA MLEZI

1. Ujue ni nani. Uliza jina lake kamili, kijiji chake, jina la baba yake, na ndugu yake aliye karibu. Tazama karte yake ya uchaguzi, ambayo wengi wetu tunaitumia kama kitambulisho. Andika namba, kisha umrudishie, maana karte ni mali yake. Mjulishe shefu wa kartiye kwamba una mtu mpya nyumbani. Na usitume hata franka moja kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kabla ya kumwona mtu kwa macho. Anayeomba "pesa ya njia" kwanza anaweza kuwa mwizi tu.

2. Uliza nyumba alikotoka. Namba ya simu aliyokupa yeye mwenyewe haitoshi: pengine ni ya dada yake. Nenda, au mtume mtu unayemwamini. Uliza maneno matatu: Alikaa muda gani? Aliondoka kwa sababu gani? Je, ungemchukua tena? Swali la tatu ndilo kubwa. Mama wa nyumba ile akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, ukae chini umsikilize vizuri.

3. Tazama umri wake. Wengi wetu tunaleta msichana wa miaka 10 au 12 kutoka kijijini, tunasema "ni ndugu tu." Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na inamlinda asitumikishwe kwa kunyonywa. Tena tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali inatolewa bila malipo. Msichana huyo mahali pake ni darasani. Na wewe fikiri: mtoto akishikwa na degedege, msichana wa miaka 10 atafanya nini? Atalia pamoja naye. Chukua mtu mzima.

4. Uliza afya yake kwa heshima. Mtu mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki 2 apimwe kifua kikuu katika kituo cha afya kabla ya kulala chumba kimoja na mtoto. Akikutwa nacho, atibiwe; kinapona. Lakini virusi vya ukimwi haviambukizi kwa kubeba mtoto wala kula sahani moja. Usimfukuze mtu kwa uvumi.

5. Mjaribu. Siku tatu za kwanza, mtu wa nyumba awepo. Tazama kama ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto. Tazama anafanya nini mtoto akilia sana: anambembeleza, anamtikisa kwa nguvu, au anaongeza sauti ya redio? Mwulize: "Mtoto akichomwa na homa saa nane ya mchana, utafanya nini?" Akijibu "Nitamngoja baba arudi," bado hajawa tayari kubaki peke yake.

MAMBO YA KUMFUNDISHA

Hakuna mlezi anayezaliwa anajua yote. Ni wajibu wako kumwonyesha.

Homa: mtoto akiwa na moto mwilini apelekwe kituo cha afya siku ileile, kwa sababu malaria haingoji. Akiwa hawezi kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, au akilala bila kuamka, ni hatari kubwa: akimbizwe saa ileile. Mchana au usiku, mtoto alale ndani ya chandarua.

Kuhara: ampe maji ya chumvi na sukari ya pakiti ya kituo cha afya. Pakiti ikikosekana, achukue lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote sawasawa na ukingo wa kijiko. Mtoto aendelee kunyonya. Aliye chini ya miezi 6 asipewe bugali wala uji. Chakula chake ni maziwa ya mama.

Moto na maji: mbabula na sufuria ya moto viwe mbali na mtoto anayetambaa. Petroli isitiwe ndani ya chupa ya kinywaji. Ndoo na kisima vifunikwe. Mtoto akiungua, sehemu hiyo imwagiliwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila mafuta wala dawa ya meno.

Zebaki: kama mtoto anapelekwa nyumbani kwa mlezi, nenda uione nyumba ile. Pakichomwa dhahabu yenye zebaki, mtoto asiingie. Moshi wake unaharibu ubongo na figo, na mwili wa mtoto haustahimili.

Chanjo: kadi ya mtoto mlezi ajue iko wapi. Kasongo inajulikana duniani kwa jambo hili. Waganga wa Projet Kasongo, pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, waliwafuata watoto wa huku, na mwaka 1981 matokeo yao yalichapishwa katika The Lancet: kati ya miezi 7 na 35, waliochanjwa surua walikufa wachache kuliko wasiochanjwa. Lakini waliona pia kwamba faida hiyo ilipungua kadiri miezi ilivyopita. Sindano inamwokoa mtoto na surua. Chakula, maji safi na jicho la mlezi vinamlinda na magonjwa mengine kila siku. Na surua haijaisha: ugonjwa uliotangazwa mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 7,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto wadogo.

NA WEWE UNAPIMWA

Mlezi naye anakutazama. Je, unamlipa siku mliyopatana? Anakula chakula cha nyumba, au mabaki ya sufuria? Ana siku ya kupumzika? Analala mahali ambapo hakuna mwanaume anayeweza kumsumbua usiku? Mlezi mwenye njaa atakula uji wa mtoto. Mlezi anayekuogopa atakuficha. Mtoto ameanguka na kugonga kichwa saa nne, na wewe utajua saa moja jioni, ameanza kutapika. Mwambie siku ya kwanza: "Jambo lolote likitokea, nipigie. Sitakupiga, sitakutukana." Kisha ulitimize neno hilo.

Lakini macho yabaki wazi. Mtoto akianza kulia kila akimwona mlezi, akiwa na alama zisizo na maelezo, au akikonda bila ugonjwa, usipuuze. Mwondoe mtoto mikononi mwake siku hiyohiyo, umpeleke kwa muganga, kisha uulize majirani. Usipige mtu. Likiwa kweli, peleka habari kwa shefu wa kartiye na polisi.

Jumapili hii, baba na mama, kaeni pamoja. Chukueni karatasi moja, muandike namba ya baba kazini, ya mama, ya jirani mwenye pikipiki na ya kituo cha afya. Muibandike ukutani. Mwombeni mlezi aisome kwa sauti. Kama hajui kusoma, mfundisheni namba hizo katika simu, moja moja, mpaka azijue.