Cheti cha Kuzaliwa Baina ya Kitale na Bungoma: Daftari, Ombi na Jina

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini yamhusu mwanadamu pia. Miongoni mwa Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, jina la mtoto lilikuwa ndilo daftari lake la kwanza. Wekesa na Nekesa ni majina ya msimu wa mavuno. Wafula na Nafula ni ya mvua. Wanyonyi na Nanyonyi ni ya palizi. Simiyu na Nasimiyu ni ya kiangazi. Kwa jirani zao Wakalenjin, Kiplagat huhusishwa na jioni na Kipkoech huhusishwa na alfajiri. Hata hivyo, majina hayo hurithiwa pia kutoka kwa mababu, hivyo si kila Wekesa aliyezaliwa wakati wa mavuno. Isitoshe, jina hutaja msimu au saa. Halitaji mwaka wala mahali. Na haya mawili ndiyo ofisi ya usajili huyauliza kabla ya mengine yote.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna cheti cha kuzaliwa kinavyoombwa katika miji ya Kitale na Bungoma, na sababu zinazowafanya waombaji wengi kwenda na kurudi bila mafanikio. Hoja kuu ni kwamba ofisi ya usajili haitungi habari za mtu. Kazi yake ni kunakili ingizo ambalo tayari limo daftarini. Mwombaji anayejua ingizo lake liko wapi, na liliandikwaje, amekwisha kuivuka nusu ya safari. Asiyejua hupoteza nauli, na pengine hupoteza nafasi ya masomo, pasipoti au kazi.

Usuli wa sheria

Usajili wa vizazi na vifo nchini Kenya huongozwa na Sura ya 149 ya Sheria za Kenya, ambayo chimbuko lake ni sheria ya kikoloni ya mwaka 1928. Kwa miaka mingi Waafrika hawakulazimishwa kusajili watoto wao. Mwaka 1963 ulazima huo ulianza kuwahusu katika Nairobi na Nyeri, kisha ukaenezwa hatua kwa hatua hadi ukafika katika wilaya zote mwaka 1971.

Historia hii si pambo. Hueleza kwa nini mzee aliyezaliwa kijijini katika miaka ya 1940 au 1950 huenda asiwe na ingizo lolote, hata kama watu wote wa kwao wanamjua. Mzee wa namna hii huukadiria umri wake kwa rika la tohara. Kwa kuwa Wabukusu hutahiri vijana katika miaka inayogawika kwa mbili, mwaka wa kutahiriwa hukumbukwa barabara kuliko mwaka wa kuzaliwa. Kumbukumbu hiyo ni ushahidi wa jamii, nao una thamani yake. Lakini si ingizo.

Ofisi ni ya nani?

Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, watu wengi wamedhani kwamba cheti hutolewa na gavana au na ofisi zake. Dhana hii si sahihi. Usajili wa vizazi ulibaki kuwa jukumu la serikali ya kitaifa. Msajili anayehudumu Kitale au Bungoma ni mtumishi wa serikali hiyo, ingawa eneo lake la kazi huitwa kwa jina la kaunti. Kadhalika, katika miji yote miwili kuna vituo vya Huduma, ambapo huduma mbalimbali za serikali hupatikana chini ya paa moja. Mwananchi anayepeleka ombi lake katika makao makuu ya kaunti basi atakuwa amebisha mlango usio wake.

Daftari hufuata mahali pa kuzaliwa

Kanuni inayowatatiza watu zaidi ni hii: kizazi husajiliwa mahali kilipotokea, wala si mahali ambapo wazazi wana asili. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zimepakana. Barabara itokayo Kitale hupita Kiminini, ikaingia Bungoma karibu na Kamukuywa, kisha ikaelekea Webuye. Familia nyingi za Kitale zina chimbuko Bungoma, na huko ndiko huzika wafu wao. Ndiyo maana mtu akiulizwa kwao ni wapi, hujibu Bungoma bila kusita, hali mama yake alijifungulia katika hospitali ya Kitale.

Mfano ufuatao utalidhihirisha jambo hili. Mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye kitambulisho chake kinataja Bungoma, anahitaji cheti ili aombe pasipoti. Anafika katika ofisi ya Bungoma, jina lake linatafutwa, halionekani. Anaambiwa hana ingizo. Akiamini hivyo, anaanza kujaza fomu za usajili wa kuchelewa. Kumbe ingizo lake lipo Kitale tangu juma alilozaliwa, kwa kuwa hospitali ilikwisha kutoa taarifa. Iwapo usajili wa pili utakubaliwa, mtu mmoja atakuwa na maingizo mawili, na kuyapatanisha ni kazi ngumu kuliko ombi la awali. Swali la kwanza la mwombaji kwa mama yake, kwa hiyo, lisiwe "Kwetu ni wapi?" bali "Ulinizalia wapi?"

Kanuni hii huvuka hata mpaka wa nchi. Aliyezaliwa Mbale ilhali wazazi wake ni wa Bungoma ameingizwa, ikiwa ameingizwa, katika daftari la Uganda. Uraia wake ni suala jingine: kwa mujibu wa ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, mtu huwa raia kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake alikuwa raia siku hiyo. Daftari hufuata mahali. Uraia hufuata mzazi.

Ikumbukwe pia kwamba vyeti vya zamani vilitaja mikoa na wilaya. Kitale ilikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa, na Bungoma katika Mkoa wa Magharibi. Wilaya ya Mlima Elgon nayo ilitengwa na Bungoma mwaka 1993. Kutofautiana kwa majina haya na yale ya kaunti za leo si kosa linalohitaji kusahihishwa; ni alama ya wakati cheti kilipoandikwa.

Hatua za ombi

Mtoto anapozaliwa hospitalini, wahudumu huandika taarifa ya kizazi na mama hupewa karatasi ndogo ya kuthibitisha taarifa hiyo. Anapozaliwa nyumbani, taarifa hupelekwa kwa naibu wa chifu wa kata ndogo, ambaye ni wakala wa usajili katika eneo lake. Karatasi hiyo si cheti, japo wazazi wengi huihifadhi miaka na mikaka wakidhani ndicho. Ni ushahidi kwamba taarifa imetolewa, na ndiyo ufunguo wa ombi.

Baada ya hapo mzazi huomba cheti chenyewe, akiwa na karatasi ya taarifa pamoja na nakala za vitambulisho vya wazazi. Ombi huwasilishwa kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, na malipo hufanywa humo humo. Ada ya cheti, iliyokuwa shilingi 50 kwa muda mrefu, ilipandishwa hadi shilingi 200 mwaka 2024. Asiyejua kutumia mfumo huo aweza kusaidiwa katika kituo cha Huduma. Fedha zinazotolewa mkono kwa mkono kwa mtu asimamaye nje ya lango si ada ya serikali, hata akiahidi cheti jioni hiyo hiyo.

Cheti kikishapatikana, yafaa namba mbili zitofautishwe. Namba ya ingizo hutambulisha kumbukumbu iliyomo daftarini. Namba ya mfululizo hutambulisha karatasi iliyochapishwa. Karatasi ikipotea au ikiungua, kumbukumbu haikupotea. Jambo hili lina uzito wa pekee katika eneo hili. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, pamoja na mapigano ya Mlima Elgon ya miaka ya 2006 hadi 2008, ziliwafukuza watu wengi makwao, na akimbiaye kuokoa roho hakumbuki sanduku la hati. Aliyeinakili namba ya ingizo mahali pengine ana pa kuanzia. Asiyekuwa nayo hulazimika kulisaka ingizo kwa tarehe, mahali na majina ya wazazi.

Usajili wa kuchelewa

Sheria hutoa muda wa miezi sita. Ukipita, kizazi hakisajiliwi ila kwa ada ya ziada na kwa idhini ya maandishi. Hapo ndipo ushahidi hudaiwa: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, hati za shule, vitambulisho vya wazazi, na uthibitisho wa chifu au naibu wake. Msajili huangalia kama hati hizo zinaafikiana. Hati tano zinazotaja tarehe tano tofauti hazina nguvu ya hati mbili zinazokubaliana. Ni vyema basi kuzipanga na kuzilinganisha nyumbani kabla ya kuzipeleka ofisini.

Jina na tahajia yake

Wanafunzi wa lugha watavutiwa na sehemu hii. Mtu mmoja aweza kuwa na jina la ukoo, la msimu, la ubatizo na la utani, na kila hati ikachagua lake. Tahajia nayo huyumba: sauti za Kibukusu huandikwa na karani wa kabila jingine jinsi alivyozisikia. Herufi moja ikizidi katika cheti na kupungua katika hati ya mtihani, mashine humhesabu mtu huyo kuwa watu wawili. Tatizo hili lilionekana wazi Wizara ya Elimu ilipoanza kusajili wanafunzi kwa mfumo wa NEMIS mwaka 2017, ambapo habari za cheti cha kuzaliwa zilihitajika.

Sheria humruhusu mzazi kubadilisha au kuongeza jina la mtoto ndani ya miaka miwili tangu asajiliwe. Muda huo ukipita, njia huwa ndefu zaidi. Mzazi asome kila herufi siku anapoikabidhiwa karatasi, wala asione haya kumrudishia karani.

Jina la baba pia lilikuwa na mkasa wake. Kifungu cha 12 cha sheria hiyo kilizuia jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kuingizwa, isipokuwa wazazi wote wawili waombe kwa pamoja au ndoa ithibitishwe. Mnamo Mei 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa kuwa kinambagua mtoto kwa jambo asilolitenda.

Hitimisho

Ibara ya 53 ya Katiba humpa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu anapozaliwa. Haki hiyo hutimizwa au hukwama katika meza ya karani, mbele ya fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mama aliyejifungua jana, ambaye Kiingereza hakijui, hutia sahihi maneno asiyoyasoma, na kosa hilo humfuata mwanawe hadi chuo kikuu. Ibara ya 7 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Lakini urasmi usiofika katika fomu ya uzazi haujamfikia mwananchi.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi hapa. Istilahi zipo: ingizo, daftari, msajili, karatasi ya taarifa, usajili wa kuchelewa. Kinachohitajika ni kuzipeleka nyumbani. Mwanafunzi atakayeketi na mama yake likizoni, akauliza alizaliwa wapi, akalinganisha tahajia ya hati za wadogo zake na kunakili namba zao za ingizo, atakuwa ameitumikia lugha na jamaa zake kwa wakati mmoja.