Magari ya Siku Zijazo: Breki Itoayo Umeme

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro hupita Ubena. Lori lenye shehena nzito likisimama hapo, breki zake hupata moto. Nguvu ya mwendo imegeuka kuwa joto, nalo joto hupotea hewani. Mafuta yaliyotoa nguvu hiyo yaliagizwa kutoka nchi za nje, tena kwa fedha nyingi.

Gari la umeme huendeshwa na betri na mota, wala halipotezi nguvu yote namna hiyo. Fanya jaribio hili. Inua gurudumu la baiskeli yenye dainamo, ulizungushe kwa mkono. Taa huwaka. Sasa iondoe dainamo kwenye tairi, uzungushe tena. Gurudumu limekuwa jepesi, sivyo? Umeme wa taa ulitokana na nguvu ya mkono wako.

Gari la umeme lipunguzapo mwendo, magurudumu huizungusha mota, nayo hufanya kazi kama dainamo. Umeme hurudi katika betri, ingawa si wote. Mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria mjini Nairobi tangu mwaka 2022. Mjini, ambako basi husimama kila kituo, faida hii ni kubwa kuliko katika safari ndefu ya Ubena.